Aliyeitwa kwenye usaili anastahili jibu

Mwajiri aliyemwita mtu kwenye usaili ana deni la kumjibu. Deni hilo halifutwi na wingi wa waombaji wala shughuli nyingi za ofisi. Halifutwi pia na ule mstari wa mwisho wa matangazo ya kazi unaosema kwamba watakaojulishwa ni waliochaguliwa tu. Waajiri wengi nchini hawalilipi, na wamezoea kutolipa kiasi kwamba anayelidai ndiye anayeonekana msumbufu.

Mtindo unafahamika. Kijana anasoma tangazo, anaandika barua ya maombi, anatoa nakala za vyeti na kuzipeleka kwa wakili zigongwe muhuri. Akibahatika anaitwa. Anasafiri kutoka Songea au Kigoma hadi Dar es Salaam, analipa nauli na gesti, anakaa mbele ya jopo na kujibu kila anachoulizwa. Wakati wa kuagana anaambiwa, “Tutakupigia.” Simu haiji. Akipiga yeye, mapokezi wanasema afisa rasilimali watu yuko kikaoni. Akituma barua pepe, hajibiwi. Akienda mwenyewe, mlinzi wa getini anamwambia aandike namba yake kwenye daftari aondoke. Miezi inapita, na hakuna aliyemwambia amepata wala amekosa.

Waajiri wanauita huo utaratibu wa kawaida. Sisi tunauita uonevu.

Ni uonevu kwa sababu unamfunga mtu miguu. Anayejua kwamba amekosa huomba kwingine, hurudi shambani, hufungua genge au husaini mkataba wa muda mfupi kiwandani. Asiyejua husita kufanya lolote kati ya hayo, kwa hofu kwamba wiki atakayojifunga kwingine ndiyo wiki atakayoitwa. Nyumbani, ndugu waliochanga nauli wanamuuliza kila jioni kama wamempigia, naye hana la kuwajibu. Kuambiwa “hukufanikiwa” kunauma, lakini kunamruhusu mtu aendelee na maisha yake.

Ni uonevu pia kwa sababu ukimya huo hauwafikii wote. Mwenye mjomba ndani ya ofisi anajua matokeo jioni ileile: nani kaongoza, nani kaondolewa, barua zinatoka lini. Asiye na mtu anabaki kupiga simu isiyopokelewa. Taarifa iliyopaswa kuwa haki ya kila msailiwa imegeuka fadhila ya wenye kujuana, na hapo ndipo vijana wanapoamini kwamba bila konekshen hakuna kazi. Mwajiri anayelalamika kwamba anasingiziwa upendeleo ajiulize ni mara ngapi amewajibu wote kwa siku moja na kwa maneno yaleyale.

Na katika pengo hilo wanaingia matapeli. Mtu aliyengoja kwa miezi akipigiwa simu na sauti tulivu inayolitaja jina lake na kumwambia amepita, atume fedha ya fomu au ya vipimo vya afya, ni rahisi kuamini. Taasisi zetu zimetoa onyo baada ya onyo kuhusu wizi huu. Onyo hilo litakuwa na nguvu siku waombaji watakapojua kwamba jibu la kweli hutoka tarehe iliyotangazwa, kwa njia iliyotangazwa, na kwamba lisilotoka hivyo ni uongo.

Tumesikia utetezi wa waajiri. Wa kwanza ni kwamba waombaji ni wengi mno. Wingi huo ni wa kweli. Juni 2014, zaidi ya waombaji 10,000 walifika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam kuwania nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipokea maombi zaidi ya 135,000 kwa nafasi 1,596. Lakini majina ya walioitwa kwenye usaili wa Mamlaka hiyo yaliwekwa hadharani, kila mmoja akayatafuta. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma nayo hutangaza majina ya wanaoitwa kwenye usaili na ya wanaoitwa kazini, na waliofaulu bila kupata nafasi huwekwa kwenye kanzidata. Asiyeliona jina lake anajua alipo. Ikiwa hayo yanawezekana kwa maelfu ya watu, kampuni iliyosaili watu wanane inashindwaje kutuma ujumbe saba?

Utetezi wa pili ni hofu ya kesi: ukimjibu aliyekosa, atadai sababu na kukufikisha kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Jibu halihitaji maelezo marefu. “Nafasi uliyosailiwa imejazwa. Tunakushukuru kwa kufika.” Hayo yanatosha, na mwajiri aliyechagua kwa haki hana cha kuogopa ndani yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi hata kwa mwombaji wa kazi. Kinga hiyo inamsaidia nini mtu ambaye hakuambiwa hata kwamba nafasi imekwisha kujazwa?

Wa tatu ni kwamba aliyechaguliwa anaweza kukataa kazi, hivyo wengine wanawekwa akiba. Kuweka akiba si kosa. Kosa ni kumweka mtu akiba bila kumwambia. Aelezwe kwamba yeye ni wa pili, kwamba uamuzi wa mwisho utatoka tarehe fulani, kisha aachiwe achague kusubiri au kutosubiri.

Upo utetezi wa nne ambao hausemwi hadharani: kwamba mwenye nafasi alikwisha kujulikana, na wengine waliitwa ili jalada lionekane limekamilika. Kumtoa mtu mkoani kwa gharama zake ili aje kupamba uamuzi uliokwisha kufanywa ni udanganyifu, na bodi ya kampuni inayolifumbia macho jambo hilo inashiriki.

Kwamba haya yanaweza kuwekewa sheria si ndoto. Katika jimbo la Ontario nchini Kanada, sheria iliyopangwa kuanza kutumika Januari 1, 2026 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi, aliyetangaza nafasi hadharani, amjulishe kila aliyemsaili kama uamuzi wa kuajiri umefanyika, ndani ya siku 45 baada ya usaili. Tangazo lenyewe linapaswa kueleza kama nafasi ipo kweli.

Kwa hiyo tunasema yafuatayo bila kuficha. Kila tangazo la kazi lionyeshe tarehe ambayo baada yake asiyeitwa ajue hakuchaguliwa. Kila aliyesailiwa ajibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30. Kila mwajiri ataje anwani moja ya kuulizia na mtu wa kuijibu. Nafasi iliyokwisha kupata mtu isitangazwe. Wizara inayohusika na kazi iyaweke haya kwenye kanuni, na wabunge waihoji isipofanya hivyo. Chama cha Waajiri Tanzania, ambacho hutoa tuzo ya Mwajiri Bora, kiwape alama wanachama wake kwa namna wanavyowajibu waombaji. Mwajiri asiyejibu watu aliowaita mwenyewe hastahili kuitwa bora.

Liko pia suala la nyaraka. Vyeti, namba ya kitambulisho cha taifa, picha na namba za simu za wadhamini hubaki mikononi mwa mwajiri aliyenyamaza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde na kuzitumia kwa lengo zilizokusanyiwa. Mwombaji ana haki ya kuuliza zimehifadhiwa wapi, na asiogope kuuliza.

Kwa waombaji, tunasema kwamba kufuatilia ni haki yenu, na mwenye kuidai haki yake haombi msaada. Ifuatilieni kwa mpangilio. Kabla ya kutoka kwenye chumba cha usaili, uliza jibu litatoka lini na nani wa kumwandikia. Tarehe hiyo ikipita, andika barua pepe fupi yenye jina la nafasi, tarehe ya usaili na namba ya kumbukumbu ya tangazo, ukiuliza jambo moja tu: uamuzi umefikia wapi. Baada ya wiki moja, piga simu saa za kazi, taja jina lako, sikiliza, shukuru. Usimpigie afisa usiku kwenye simu yake binafsi, usimtume ndugu akuombee, na usitoe hata senti kwa anayeahidi kukuharakishia. Wakinyamaza baada ya hapo, hesabu kwamba umejibiwa na uelekeze nguvu zako kwingine. Tangu siku ya kwanza hadi siku hiyo usiache kuomba kazi nyingine. Hakuna ahadi ya mdomo inayostahili kusimamisha maisha yako.

Lakini mpangilio wa mwombaji hauondoi wajibu wa mwajiri. Kijana anaweza kuandika kwa adabu zote na bado asijibiwe, na hapo kosa si lake. Kosa ni la ofisi iliyokuwa na namba yake siku ya kumwita ikaipoteza siku ya kumjibu. Maofisa rasilimali watu wanaosoma tahariri hii wana majalada ya usaili wa miezi iliyopita kwenye kabati zao. Wayafungue leo, na kabla ya kufunga ofisi jioni wawe wamemjibu kila mtu aliye ndani yake.