Sikio Lipimwe kwa Maneno Linayoyajua

Katika hospitali za vyuo vikuu vya nchi hii kuna idara moja iliyo jirani wa karibu sana wa fakilti yetu, ila hatutembeleani. Ni idara ya masikio, pua na koo, ambayo hapa kwetu kila mtu anaiita ORL. Sisi katika somo la fonetiki tunajifunza nyuzi za sauti, kidakatonge, kaakaa laini, ulimi na pua. Wao wanajifunza vitu hivyo hivyo, tofauti ni kwamba wao wanavikata na kuvishona. Sisi tunauliza sauti inatoka vipi na inasikika vipi. Wao wanauliza kwa nini haitoki na kwa nini haisikiki. Maoni yangu ni kwamba ukimya uliopo kati yetu una gharama, na anayeilipa si profesa wala mwanafunzi. Ni mgonjwa.

Ujirani huu sikuubuni mimi. Mwaka 1854 Manuel García, mwalimu wa uimbaji aliyekuwa akifundisha London, alitumia kioo kidogo na mwanga wa jua, akaziona nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifunguka na kufungika. Mwaka uliofuata maelezo yake yalisomwa mbele ya Royal Society. Hakuwa daktari, alitaka tu kujua sauti ya mwimbaji inazaliwa wapi. Baadaye kidogo, madaktari Ludwig Türck na Johann Czermak wakakichukua kioo cha koo na kukifanya chombo cha tiba. Kwa hiyo siku ambayo mtaalamu wa sauti alifika kwenye koo kabla ya mganga imekwisha kuwepo. Si aibu kwetu kubisha hodi tena.

Tuangalie kwanza namna ORL inavyofundishwa. Daktari anayesomea ubingwa, yule ambaye Wamarekani wanamwita residenti, jina lake linatokana na kukaa: katika hospitali ya Johns Hopkins, iliyofunguliwa mwaka 1889, madaktari wa namna hiyo walikaa ndani ya hospitali usiku na mchana. Hata wasipolala humo leo, msingi ni ule ule. Anajifunza kwa kukaa karibu na mwalimu wake: kwenye mzunguko wa asubuhi wodini, kwenye chumba cha upasuaji, kwenye meza ya mashauri. Anaona mkono wa mwalimu, anausaidia, kisha anaachiwa afanye mwenyewe. Ni elimu nzuri sana. Lakini ina tabia moja: kile ambacho mwalimu hakifanyi, mwanafunzi harithi. Kama mwalimu hakuwahi kupima usikivu kwa Kiswahili, mwanafunzi wake hatapima, na kesho yeye akiwa mwalimu, wa kwake pia hatapima.

Sisemi Kifaransa kitoke kwenye chumba cha upasuaji. Mgonjwa akiwa amelala na damu inatoka, si wakati wa kutafuta istilahi. Timu inahitaji lugha moja ambayo kila mmoja ameizoea, na kwa sasa lugha hiyo ni Kifaransa. Ninachosema ni kwamba kuna mahali pawili katika kazi ya ORL ambapo lugha yenyewe ndiyo kifaa, sawa na kioo au koleo. Mahali hapo kifaa kisichofaa kinatoa jibu la uongo.

Mahali pa kwanza ni kipimo cha maneno. Daktari akitaka kujua usikivu wa mtu, anaanza na milio mitupu: mlio wa chini, wa kati, wa juu, kutoka hezi 250 hadi 8000. Mgonjwa anabonyeza kitufe kila anaposikia. Kipimo hicho hakina lugha. Lakini binadamu hasikilizi milio, anasikiliza watu. Kwa hiyo kinafuata kipimo cha pili: mgonjwa anasikia maneno na kuyarudia, na daktari anahesabu aliyoyapata. Katika shule ya Kifaransa orodha mashuhuri ni zile za Fournier za mwaka 1951, zenye maneno kumi ya silabi mbili katika kila orodha; kila neno ni asilimia kumi. Wamarekani nao walikuwa na orodha za Egan za mwaka 1948 na za Hirsh za mwaka 1952, zilizojengwa kwa maneno ya silabi moja na kupangwa ili kila orodha iwe na fonimu kwa kiasi kinachokaribia cha lugha yenyewe.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Kupanga fonimu kulingana na wingi wake katika lugha ni kazi ya nani, kama si yetu?

Nilimsindikiza nkambo wangu kwenye mashauri ya ORL katika hospitali ambayo sitaitaja. Daktari kijana alikuwa na heshima, alimwita Mama, alimwekea vizuri vifaa vya masikioni. Milio mitupu ilikwenda vizuri kwa mtu wa umri wake. Kisha yakaja maneno, kwa Kifaransa. Nkambo, ambaye ameuza unga sokoni miaka thelathini na Kifaransa chake kinaishia kwenye bei, alirudia mawili, akanyamaza kwa mengine. Ikaandikwa asilimia 20. Alipotolewa vifaa alisema: « Mwanangu, sauti nimeisikia. Maneno ndiyo si yangu. » Daktari alicheka kidogo, kwa upole, lakini namba ilibaki kwenye karatasi.

Namba hiyo si mchezo. Kama milio inasikika vizuri na maneno hayaeleweki kabisa, daktari anafundishwa kushuku kwamba ugonjwa hauko sikioni tu, huenda uko kwenye mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kwenye ubongo. Mgonjwa anaweza kutumwa kupigwa picha ya kichwa ambayo familia italipia kwa kuuza mali. Au kinyume chake: daktari anayejua kwamba orodha haimfai mama huyu anaizoea namba mbaya, na siku namba mbaya itakapokuwa ya kweli, hataiamini. Mtoto naye anaweza kuandikwa mzito wa akili, kumbe hajaanza kujua Kifaransa.

Madaktari wengine wenye huruma wanajisaidia: wanaacha orodha, wanamtazama mgonjwa na kusema « maji », « moto », « kuku ». Nawaheshimu. Lakini mgonjwa anasoma midomo, sauti ya daktari wa leo si ya daktari wa kesho, na maneno ya Januari hayalingani kwa ugumu na ya Juni. Huwezi kujua kama sikio limeshuka au orodha ndiyo imebadilika.

Basi kwa nini tusitafsiri orodha ya Fournier? Kwa sababu tafsiri inabeba maana, nalo sikio linapimwa kwa sauti. Kiswahili kina maneno machache sana ya silabi moja, silabi zake karibu zote zinaishia kwa vokali, mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kimejaa mb, nd, nj na ng mwanzoni mwa maneno. Mtu aliyepoteza sauti za juu, jambo la kawaida uzeeni, anapoteza kwanza s, f, sh na ch. Kwake « soma », « choma » na « koma » yanakaribiana. « Faa » na « vaa » vilevile. Orodha ya Kiswahili inabidi imtege mahali hapo, siyo mahali ambapo Mfaransa angetegwa.

Hapo ndipo nasikia pingamizi, na wengi wanaolitoa ni wa fakilti yetu wenyewe: Kiswahili kipi? Cha Unguja, cha vitabu, cha Bukavu, cha Kisangani, cha Lubumbashi? Swali ni la haki, lakini linajibika, na jibu lake ni la kifonolojia, siyo la kisiasa. Wasemaji wengi wa Kongo hawatofautishi « dh » na « z », wala « th » na « s »: watasema « zambi » na « selasini ». Kwa hiyo maneno yenye sauti hizo yasiingie, au jibu la namna hiyo lihesabiwe sahihi. Wengi wanaidondosha « h » ya mwanzo: « apa », « akuna ». Wengine wanabadilishana « l » na « r ». Lubumbashi wanasema « mvula » ambapo kitabu kinasema « mvua », na « bintu » ambapo kinasema « vitu ». Basi tuyaweke kando hayo yote. Yanabaki mengi yanayojulikana na mvuvi wa Tanganyika, mchimbaji wa Kolwezi na mama wa sokoni Goma: moto, maji, nyama, chumvi, njia, nyoka, mbuzi, nyumba. Kuyachagua, kuyapanga kwa ugumu sawa, kuyarekodi kwa sauti moja safi, na kuyajaribu kwa watu wenye usikivu mzuri kabla ya kuwapelekea wagonjwa: hiyo ni kazi ya mwaka mmoja au miwili, siyo ya karne.

Pingamizi la pili ni kwamba hatuna fedha wala mashine. Tuangalie Afrika Kusini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria walishiriki kuleta kipimo kinachofanyika kwa simu ya mkononi, ambapo mtu anasikia tarakimu tatu ndani ya kelele na kuzibonyeza. Kilianza kutolewa kwa umma mwaka 2016. Kilikuwa kwa Kiingereza, na wao wenyewe walikuta kwamba kiwango cha mtu katika Kiingereza kinagusa matokeo yake. Kama tarakimu tu, ambazo ni maneno mepesi kabisa, zinamyumbisha mtu asiyeizoea lugha, orodha nzima ya maneno itamfanya nini? Na sisi tukumbuke kwamba hapa watu wengi wanahesabu moja hadi kumi kwa Kiswahili, kisha wanaendelea kwa Kifaransa. Hata jambo dogo hilo daktari hawezi kulijua kama mwanaisimu hamwambii.

Mahali pa pili ni kumsikiliza mgonjwa anaposema. Mtoto ambaye nyama za nyuma ya pua zimemziba, m yake inakaribia b: anamwita mama, inatoka « baba ». Mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka yuko upande wa pili: hewa inavuja puani, na b yake inakwenda kwenye m. Daktari anayesomea ubingwa anayajua mambo haya kwa mifano ya Kifaransa. Kiswahili chenye mb na nd kila mahali kingempa mifano bora zaidi, kama angeipata kwa mtu.

Kuna pia toni. Upasuaji wa rovu unapita karibu sana na mishipa ya fahamu inayoendesha nyuzi za sauti, na daktari anafundishwa kumpima mgonjwa sauti kabla na baada. Kiswahili hakina toni ya kutofautisha maneno, lakini Kiluba, Kinande na Mashi zinayo. Mgonjwa anaweza kuonekana anazungumza sawasawa kwa Kiswahili mbele ya daktari, huku nyumbani hapandishi tena sauti inavyotakiwa katika lugha ya mama yake. Nani atamwuliza, kama hakuna aliyemfundisha daktari kwamba swali hilo lipo?

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, linahesabu watu milioni 430 wanaohitaji huduma kwa ajili ya kupungukiwa na usikivu, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Sehemu yetu ya watu hao inazungumza lugha tunazozisoma hapa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwa walimu wetu: memoari moja tu kwa mwaka itolewe kwa kipimo cha maneno, mwaka huu Kiswahili, baadaye Tshiluba, Lingala na Kikongo, na isimamiwe na mwalimu wa fonetiki pamoja na daktari wa ORL. Kwa walimu wa ORL: mwanafunzi wenu wa ubingwa, kabla ya kupewa cheti, aonekane mbele yenu akimhoji mgonjwa kwa lugha ya taifa, ajue tofauti ya « sikio linalia », « sikio linatoa usaha » na « sikio limeziba », bila kumtegemea muuguzi amtafsirie. Kwa sisi wanafunzi: tuache kuandika memoari ya kumi na tano juu ya jambo lile lile kwa sababu maktaba inayo tayari. Kule hospitali kuna orodha tupu ya maneno kumi inayongoja mtu wa kuijaza, na anayesoma fonolojia ya Kiswahili mwaka huu ana ujuzi wa kutosha kuianza.