PROSESA MPYA SI DAWA YA KILA UGONJWA

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Muhula huu wimbo katika maabara yetu ya tarakilishi ni mmoja tu: "Prosesa zibadilishwe!" Walimu wapendwa na wanafunzi wenzangu, naomba nitoe maoni yangu kabla pesa za wazazi hazijatoka.

Sikatai, mashine zetu ni kuukuu. Prosesa zake ni Intel Core i3-2100 za mwaka wa 2011. Ukiwasha mashine asubuhi, unaweza kumaliza hesabu mbili kabla haijafunguka. Nasi tunazihitaji kwa mradi wetu wa KCSE, kwa hivyo jambo hili si mchezo. Wenzangu wanapendekeza tununue prosesa za i7-2600 zilizotumika, maana zinaingia katika soketi ile ile ya LGA 1155. Kweli, i7 hiyo ina viini vinne na i3 yetu ina viwili tu. Lakini je, ugonjwa wenyewe uko kwenye prosesa?

Daktari hatoi dawa kabla ya kupima. Mashine ikikwama, hebu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha utazame asilimia. Utaona prosesa imetulia zake chini, ilhali diski imefika 100 na RAM ya GB 4 inakaribia kujaa. Prosesa ni kama mpishi wa shule. Awe hodari namna gani, ikiwa unga unaletwa kijiko kwa kijiko kutoka stoo, ugali utachelewa tu. Stoo yetu ni diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka, na kichwa chake hukimbia huku na huko kutafuta kila faili. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, ndiyo maana hutoa faili upesi zaidi. Tena RAM ikijaa, mashine hugeuza diski hiyo hiyo kuwa kumbukumbu, mambo yakazidi kuharibika.

Kuna na suala la joto. Intel imeipa i3 yetu kiwango cha wati 65, lakini i7-2600 ni wati 95. Je, feni zetu ndogo, zilizojaa vumbi la chaki, zitaweza?

Wengine husema ati tukiweka i7 tutapata Windows 11. Wapi! Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, kwa prosesa za Intel huanzia hasa kizazi cha nane. Hiyo i7-2600 ni ya kizazi cha pili, sawa na i3 tuliyo nayo. Msaada wa kawaida wa Windows 10 nao ulikoma Oktoba 14, 2025. Kwa mashine za umri huu, mfumo wa bure kama Linux Mint unaweza kutufaa kuliko prosesa ya kizazi kile kile.

Maoni yangu ni haya. Tuchukue mashine moja, tuiwekee SSD na RAM ifike GB 8, kisha tupime. Mashine ikifa kesho, SSD hiyo inaweza kuhamishiwa nyingine, lakini i7 ya soketi ya zamani itabaki pambo. Prosesa ikionekana imefika 100 kila mara hata baada ya hapo, nitakuwa wa kwanza kuinua mkono ibadilishwe. Anayehariri video anahitaji nguvu hiyo. Sisi tunaandika barua, tunajaza majedwali na kuunda hifadhidata.

Jamani, pesa hazioti mitini, na wadogo zetu ndio watakaorithi maabara hii. Tupime kwanza, tununue baadaye. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.