Ngungu: Mtoto wa shule afundishwe kutoa, lakini asihesabiwe

Katika vilima vya Ngungu, mtoto wa darasa la kwanza anajua kazi kabla ya kujua herufi. Anabeba bidoni ya maji, anachunga mbuzi, anamlea mdogo wake mama anapokwenda shambani. Kwa hiyo anayesema kwamba watoto wa shule za msingi wafundishwe kuwasaidia wengine hawaletei watu wa huku jambo geni. Swali ni lingine: shule ikilichukua jambo hilo mikononi mwake, italifanya nini?

Wazee wanakumbuka salongo. Katika miaka ya 1970 utawala wa Mobutu uliwataka wananchi wote watoke kufyeka, kusafisha barabara na kulima, bila malipo. Neno lilikuwa zuri, na kazi nyingine zilifaa kweli. Lakini ilikuwa kazi ya lazima, na wengi walijifunza kufika kwa sababu ya woga, si kwa sababu ya kijiji chao.

Shuleni mabaki ya salongo bado yapo, yanaitwa kazi za mikono. Hakuna ubaya mtoto akifagia darasa lake au kung'oa majani kwenye uwanja anaochezea. Ubaya unaanza pale majani hayo yanapokuwa ya shamba la maharagwe la mwalimu. Ni kweli, walimu wengi wa Masisi wanafundisha na njaa. Mshahara unachelewa, na wengine majina yao hayajaingia bado kwenye orodha ya serikali. Hilo ni deni la serikali. Lisilipwe na mtoto wa miaka minane mwenye jembe, tena likaitwa huduma kwa jamii.

Mwaka 1967, huko Tanzania, Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akataka shule ziwe na mashamba na karakana zake. Watu wanakumbuka jembe tu. Wanasahau kwamba alitaka pia wanafunzi washiriki kupanga kazi yenyewe na kuamua faida yake itumikeje. Mtoto aliyelima mboga za shule kisha akaulizwa, «Tumpelekee nani?», amefundishwa kitu. Aliyelima kisha akaona gunia linapakiwa kwenye chukudu, asijue linakokwenda, naye amefundishwa kitu, ila kingine.

Jambo gumu zaidi ni michango. Katiba ya Kongo, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni ya bure na ya lazima, na tangu Septemba 2019 agizo hilo lilianza kutekelezwa nchini. Sasa mwalimu akisema kesho kila mtoto alete kikombe cha maharagwe au kijiti cha kuni kwa ajili ya wakimbizi wa vita, nia yake inaweza kuwa safi kabisa. Lakini akishika daftari na kuanza kuita majina, mchango umegeuka kuwa kodi. Hiari yenye orodha ya majina si hiari.

Na katika darasa hilo hilo, kwenye dawati la nyuma, amekaa mtoto aliyefika juzi na mama yake, wanalala jikoni kwa watu. Yeye alete nini? Asipoleta anaonekana mchoyo. Wakimwambia asilete kwa sababu yeye ndiye atakayepewa, basi wenzake wote wamekwisha kuambiwa yeye ni nani. Kesho yake anaweza kukataa kurudi shule, na mama yake asijue sababu.

Watu wa Ngungu wanapaswa kuelewa hili kuliko mtu yeyote. Vita vikifika, wanateremka upande wa Numbi, Minova au Sake, wanalala kwenye madarasa na makanisa ya watu wengine. Vikitulia, wanapanda tena na kukuta nyumba bila mabati. Februari 2025, kambi za kando ya Goma kama Bulengo zilipoachwa tupu, familia nyingi zilirudi Masisi hivyo hivyo, na vyungu kichwani. Mwenyeji wa mwaka huu alikuwa mgeni mwaka uliopita. Huku kusaidiana ni zamu, na shule ikiwagawa watoto kuwa wanaotoa na wanaopewa, inawafundisha uongo kuhusu kijiji chao.

Ndiyo maana kazi inafaa kuliko kikombe cha maharagwe. Kazi ndogo, ya kiasi cha umri: watoto wa darasa la tano kumchotea maji bibi anayeishi peke yake, kumfagilia uwanja, kumsomea barua. Hapo mtoto mkimbizi ana mikono sawa na ya mwenyeji. Kundi la Kizito-Anuarite katika parokia za Kikatoliki limewazoesha watoto wa Kongo mambo ya namna hiyo kwa miaka mingi, wakicheza na kuimba, bila mtu kuandika nani alifanya nini. Jina lenyewe ni la mtoto shahidi wa Uganda na la Mwenyeheri Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964. Shule isiyo ya Kikatoliki haihitaji jina hilo ili kufanya vivyo hivyo.

Zibaki tahadhari mbili. Kazi iwe karibu, mchana, na mtu mzima awepo. Katika eneo lenye silaha hakuna sababu ya kumtuma mtoto porini kutafuta kuni za kugawa. Na picha zipungue. Mashirika yanapoleta madaftari, mtoto asisimamishwe mbele ya kamera akiwa ameshika msaada kifuani ili kuonyesha ukarimu wa watu wazima.

Komite za wazazi zina nafasi ya kuyazungumza haya kabla masomo hayajaanza Septemba: kazi gani, kwa nani, saa ngapi, na kwamba hakuna daftari la majina. Siku hiyo mama aliyehamia wiki iliyopita aitwe pia, akae ndani pamoja na wengine, si mlangoni.