Unga wa maca hautamshikisha mimba sungura wako

Unga wa maca si mgeni tena katika maduka ya dawa za asili mijini, ambako wanunuzi wake wakubwa ni akina baba wanaotafuta nguvu. Huko Marekani na Ulaya wafanyabiashara wamekwenda mbele zaidi, wanauuza hata kwa ajili ya mbwa, sungura na simbilisi, wakidai unaleta afya, manyoya mazuri na uzazi. Habari hizo zikimfikia mfugaji ambaye majike wake hawashiki mimba, ni rahisi ajiulize kama kopo moja likichanganywa na pumba mambo hayatanyooka. Maoni yangu ni kwamba pesa hiyo abaki nayo.

Maca ni mmea wa Peru, jamaa wa kabichi na figili, na mzizi wake unafanana na figili fupi nene. Unalimwa hasa kuzunguka ziwa Junín, kwenye mwinuko wa mita 4,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Kituo cha Horombo mlimani Kilimanjaro, ambako wapandaji wengi hulala wakiwa wamevaa kila nguo waliyonayo, kiko mita 3,700 tu. Kwa wenyeji wa huko maca ni chakula. Huukausha, wakauchemsha, wakala kama sisi tunavyokula viazi. Ukikaushwa, zaidi ya nusu yake ni wanga, na protini ni kama asilimia 10.

Sifa ya uzazi nayo ina asili yake. Inasimuliwa kwamba Wahispania walipofika nyanda hizo katika karne ya 16, mifugo waliyokuja nayo haikuzaa vizuri, na wenyeji wakawashauri wailishe maca. Msomaji atazame hapo kwa makini. Wanyama wale walitoka nchi za chini na kupelekwa penye baridi kali na hewa nyepesi, na hali hiyo peke yake huvuruga uzazi. Sungura wa Morogoro au Mombasa hana shida hiyo. Tatizo lake ni joto.

Sidai kwamba maca ni maji matupu. Watafiti wa Lima wamewapa panya wa maabara maca nyeusi na kuona mbegu za kiume zikiongezeka. Lakini panya wa maabara hula nafaka bila taabu, ilhali sungura ameumbwa kula majani. Wanga mwingi ukimfika tumboni, vijidudu vinavyomsaidia kusaga chakula huvurugika, akaharisha, na sungura mchanga anaweza kufa katika muda mfupi. Tena, kama walivyo jamaa zake wa ukoo wa kabichi, maca ina kemikali ambazo zikizidi huweza kusumbua tezi la shingo.

Kwa mfanyabiashara anayefikiria kuagiza mzigo, yaliyowapata wakulima wa Junín yanatosha kumfikirisha. Mwaka 2014 wanunuzi kutoka China walimiminika huko na bei ikapanda mara nyingi. Peru ilikuwa imekwisha kukataza maca ghafi isitoke nje ya nchi, lakini mbegu zilipenya, na mashamba makubwa yakalimwa Yunnan. Haikuchukua miaka miwili bei ikaporomoka, na wakulima wakabaki na mavuno yasiyo na mnunuzi. Wakati huo huo jirani zetu wa Kenya walikuwa katika homa ya kware, yai dogo likiuzwa kwa bei ya mara kadhaa ya yai la kuku kwa sababu lilisemwa ni dawa. Walionufaika zaidi ni waliotangulia, waliowauzia wenzao vifaranga.

Turudi bandani. Joto likipita nyuzi 30, mbegu za sungura dume hudhoofika, na huchukua wiki kadhaa kurudi katika hali yake hata hali ya hewa ikipoa. Kwa hiyo banda liwe chini ya mti au paa la makuti, maji yasikatike, na upandishaji ufanywe alfajiri. Jike apelekwe kwa dume, maana dume akiletwa kwake atapigwa badala ya kupokelewa. Jike aliyenenepa kupita kiasi kwa pumba naye hashiki mimba kirahisi. Apunguziwe pumba, apewe nyasi kavu kwa wingi.

Simbilisi ana haja nyingine. Mwili wake, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, na akiikosa huvimba viungo, hukataa kula na mimba huharibika. Anahitaji kati ya miligramu 10 na 30 kwa kila kilo ya uzito kila siku. Majani mabichi na kipande cha pilipili hoho vinampa, na sokoni vipo kila siku. Chakula cha dukani kilichokaa ghalani miezi mingi huwa kimepoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo, hata kama imeandikwa kwenye mfuko.

Siku ya 14 baada ya kupandisha sungura, papasa tumbo la jike kwa upole. Mimba ikiwapo utahisi viviringo kama zabibu. Usipovihisi, mrudishe kwa dume. Akishindwa mara tatu kwa madume tofauti walio wazima, mwite bwana mifugo amwangalie, au mpeleke jikoni.