Supu za Uchina na Kilichomo Chunguni

Vijana wetu waendao Uchina kwa masomo na biashara ni wengi siku hizi, na wazazi wao hutuuliza: watoto watakula nini huko? Wapo wanaowajibu kwamba nyama ya nguruwe huonekana kwa macho. Basi kijana na akiache kipande, anywe supu tu. Rai hii sisi twaipinga.

Kwa Wachina supu si kitu cha pembeni. Huliwa pamoja na wali, na katika jimbo la Guangdong huchemshwa kwa moto mdogo saa mbili, tatu na zaidi ndani ya chungu cha udongo, mna tangawizi, kunazi zilizokaushwa na mizizi ya dawa, kwani watu wa huko huihesabu supu kuwa chakula na tiba. Hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini mara nyingi kilichoipa ladha ni mifupa ya nguruwe, na mlaji asiione bakulini. Hata supu iitwayo ya kuku yaweza kupikwa kwa kuku na nguruwe pamoja, kisha ikatiwa mvinyo wa mchele ili kukata shombo. Supu ni safi kama maji, na haramu imo! Marufuku iliyomo katika Suratul Baqara, aya ya 173, wanavyuoni hawakuikomesha kwenye minofu.

Je, kijana ashinde na njaa? La, hasha. Wamo Uchina Waislamu waitwao Wahui, wakazi wa huko tangu karne nyingi, na mikahawa yao imeenea katika miji mingi. Kijana na azijue herufi mbili za Kichina zisomwazo qingzhen, maana yake safi na kweli, ambazo ndizo alama ya chakula halali. Asitegemee maandishi ya Kiarabu peke yake, kwani mwaka 2019 mikahawa ya Beijing iliamrishwa kuyaondoa katika mabango yake.

Mjini Lanzhou, kando ya Mto Manjano, watu huamkia supu ya ng'ombe yenye tambi. Husemwa kwamba Mhui aitwaye Ma Baozi ndiye aliyeipa sifa, alipoanza kuiuza mwaka 1915. Wenyewe huipima kwa rangi: supu iwe angavu, figili nyeupe, mafuta ya pilipili mekundu, kotimiri ya kijani, tambi za manjano. Donge la unga huvutwa kwa mikono, likakunjwa, likavutwa tena, hata likawa nyuzi nyembamba, bila kisu.

Ama mjini Xi'an, penye msikiti mkongwe wa enzi ya Ming, iko supu ya kondoo ambayo mlaji naye huifanyia kazi. Hupewa bakuli tupu na mkate mgumu, akaumega kwa vidole vipande vidogo kama punje za soya. Kisha bakuli hurudi jikoni, mpishi akavichemsha katika supu, na vitunguu saumu vya achari huletwa kando. Kuumega huko huchukua muda, na ndipo watu huzungumza. Siku hizi mwenye haraka aweza kukatiwa mkate kwa mashine. Wazee wa mji hawaupendi.