Kopo Lishuhudie Barafu ya Kibo

Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, walikwenda Kilimanjaro na kamera, na picha zao zikatumika kuchora ramani ya mlima. Kwa ushahidi wa namna hiyo wataalamu wanajua kwamba barafu iliyoenea zaidi ya kilomita za mraba 11 ilibaki chini ya 2 ilipofika mwaka 2011. Sisi wenye mlima tulikuwa na macho tu, na kumbukumbu ya mzee wa Marangu huzikwa naye.

Tunawaomba wahusika wa elimu waamue kwamba kila shule iliyo mteremkoni juu ya Moshi ipige picha ya Kibo kila mwaka, kutoka mahali pale pale, kwa kamera ya kopo.

Hatufanyi mzaha. Kopo la maziwa ya unga hupakwa rangi nyeusi ndani, likatobolewa kwa ncha ya sindano, na karatasi ya picha ikabandikwa mkabala wa tundu. Nuru hunyooka: itokayo kileleni huangukia chini, itokayo migombani huangukia juu. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki Misri karibu mwaka 1040, aliyachunguza hayo katika chumba cha giza. (Sisi tuliopita chuoni tulikaririshwa mengi, lakini jina lake hatukutajiwa.)

Kazi ifanywe asubuhi, kabla mawingu hayajafunika kilele. Tundu huachwa wazi dakika moja au mbili. Mama apitaye na mkungu wa ndizi haonekani pichani, mlima hubaki. Ila karatasi hiyo haitofautishi vyema barafu na mbingu ya buluu. Tundu lifunikwe kwa nailoni ya njano na muda uongezwe, la sivyo mwalimu atawalaumu wanafunzi bure.

Kopo ni la bure. Karatasi na dawa za kusafishia picha zina bei, na hapo ndipo mipango mingi ya kujitegemea hukwama. Halmashauri hazina budi kutenga fungu. Nakala zenye tarehe zipelekwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, zisiachiwe mchwa kabatini mwa mwalimu mkuu.

Wala ndugu zetu wa visiwani wasidhani haya ni ya bara pekee. Kisiwa Panza, Pemba, maji ya chumvi yameingia mashambani, na wakulima huulizwa ushahidi wa mpaka wa zamani. Huko nako kopo laweza kuanza kazi muhula ujao.