Mashine ya zamani ya kufunga majani: tuache kuipima kwa kilo

Kwenye shamba moja kando ya barabara ya Kasenga, mashine ya kufunga majani makavu imelala chini ya mwembe. Kutu imekula ubavu wake, tairi moja imekwisha, na kuku wanataga mayai ndani yake. Mwenye shamba amepata wanunuzi wawili. Wa kwanza ananunua vyuma chakavu, mitraye kama tunavyosema hapa Lubumbashi: alikuja na mizani na bei ya kilo. Wa pili ni mfugaji kutoka upande wa Kipushi: aliizunguka mara mbili, akatikisa kichwa, akaongeza kidogo tu juu ya bei ya mizani. Mzee mwenyewe anataka bei ya trakta. "Mwana wangu, mashine hii ililisha ng'ombe wengi," aliniambia.

Kwa maoni yangu, wote watatu wanakosea. Na kosa lao ni la jimbo zima.

Katanga ilikuwa inchi ya ng'ombe pia, si ya mukuba peke yake. Makampuni kama Grelka yalifuga kwenye nyanda za juu za Biano. Baada ya zaïrianisation ya 1973, mashamba mengi yalibadilisha mikono, na mashine zikabaki bila mafundi na bila vipuri. Baadaye, wakati Moïse Katumbi alikuwa gavana, kati ya 2007 na 2015, makampuni ya madini yaliagizwa kulima hekta 500 kila moja, na matrakta yakaonekana tena mashambani. Leo vyuma vya nyakati zote hizo vimelala kwenye nyasi, na mwenye mizani ndiye anayefika kwanza.

Hasara yake inaonekana kila mwaka. Huku kwetu mvua inakatika Aprili, kisha kiangazi kinashika hadi Oktoba. Mwezi wa tano majani bado yana nguvu. Mwezi wa nane yamekuwa kama mbao, au yamekwisha kuungua kwa moto wa pori. Ng'ombe anakonda, maziwa yanakauka, na mfugaji anauza kwa bei ya kutupa. Jijini tunakunywa chai kwa maziwa ya unga kutoka ng'ambo, wakati majani ya kulisha ng'ombe wetu yanageuka moshi juu ya vichwa vyetu.

Basi, mashine ile ina thamani gani? Tufanye hesabu. Ng'ombe wa kilo 300 anakula karibu kilo 7 za majani makavu kwa siku. Kwa siku 120 ngumu za kiangazi, ni kilo 840, yaani mafungu 42 ya kilo 20. Mwenye ng'ombe 20 anahitaji mafungu 840. Mashine nzima, nyuma ya trakta ya nguvu-farasi 35 hivi, inaweza kumaliza kazi hiyo kwa siku mbili au tatu.

Hapo ndipo pa kuelewa. Mashine hii inafanya kazi siku chache tu kwa mwaka, lakini siku hizo haina ruhusa ya kulala. Majani yakikatwa na kukauka hayangojei kipuri kitoke Afrika Kusini. Kwa hiyo umri wake si hoja. Mashine ya miaka 40 inayofunga vizuri ina thamani kuliko ya miaka 10 ambayo hakuna fundi anayeijua.

Kabla ya kutaja bei, zima trakta, kisha uzungushe gurudumu zito la mashine kwa mkono. Likigoma, uliza kwa nini. Angalia sehemu inayofunga fundo za kamba: huo ndio moyo wake, na ndio mgumu kutengeneza. Bati la chini lililotobolewa na kutu, fundi wa kuchomelea atalifunika. Tairi inapatikana sokoni. Lakini vyuma vya fundo vikiwa vimelika au vimepotea, na hakuna mashine nyingine ya aina ileile ya kuvitoa, bei ya mizani inaanza kuwa ya haki. Mwisho, omba ifunge mafungu 20 mbele yako. Mwenye mali akikataa, na wewe kataa.

Kuna pia kikomo cha juu, na hapo mzee wa Kasenga lazima anisamehe. Wafugaji wadogo wa Kenya wanatumia sanduku la mbao lisilo na kitako: wanapanga kamba, wanajaza majani, wanakanyaga, wanafunga. Seremala yeyote wa Katuba au Kenya, mtaa wetu, anaweza kulitengeneza. Mwenye ng'ombe watano hana sababu ya kununua mashine, hata akipewa kwa bei ya kirafiki. Kumbukumbu za zamani hazilishi ng'ombe.

Ila wafugaji sita au saba wa barabara moja wakishirikiana, mashine moja nzima na fundi mmoja wanatosha kwa wote. Tuliona Bukanga Lonzo, mradi uliozinduliwa 2014: vifaa vipya, hotuba ndefu, kisha vyuma vimelala porini. Mashine bila fundi ni mitraye inayongoja siku yake.

Ndiyo sababu naomba mambo mawili. Serikali ya jimbo ihesabu mashine za kilimo zilizolala kwenye mashamba ya umma kabla ya kuziuza, na tume ya kuzipima iwe na fundi wa mashine, si makarani peke yao. Na shule zetu za ufundi zipewe mbili tatu kati ya hizo, wanafunzi wazifungue na kuzifunga mpaka wazijue.

Kwa mzee wa barabara ya Kasenga, nimemwambia aite fundi kwanza, ndipo aite mizani. Fundi akisema imekufa, aiuze kwa kilo bila kulia. Akisema inapona, basi yule mfugaji wa Kipushi aongeze bei.